Ndengu: Kuuza au Kungoja?

Msikilizaji, ndengu za mvua za vuli zikishavunwa na kuanikwa, familia nyingi za Kitui na Makueni hubishana: tuuze au tungoje? Kwa upande mmoja, karo haingoji. Isitoshe, ukifungua gunia baada ya miezi miwili unaweza kukuta unga na punje zilizotobolewa na fukusi. Nimemwona mama akizipepeta hivyo, machozi yakimlengalenga. Kwa upande mwingine, wakati wa mavuno kila mtu anauza, bei inashuka, na familia hiyohiyo iliyouza hununua chakula baadaye kwa bei ya juu. Kwa anayetaka kungoja bila kuliwa na fukusi, naona pesa za mavuno zingenunua kwanza mfuko usiopitisha hewa, kabla ya godoro jipya. Sasa swali: nyumbani kwako, nani huamua gunia lifunguliwe lini?