CHEMSHA BONGO KWA AJILI YA WATUMISHI WA HOSPITALI

Mazungumzo na makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Matema



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa jina ni mchezo, lakini kwa matunda yake ni kazi: kuwachangia watumishi wa hospitali kwa njia ya chemsha bongo inayoendeshwa kwa intaneti.

Mfano mkubwa ulitoka Uingereza. Mwaka 2020, watu walipozuiwa majumbani kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Bwana Jay Flynn wa Darwen alikusudia kuwaandalia rafiki zake wachache maswali ya kujiburudisha. Kwa kusahau, aliuacha mwaliko wake wazi kwa watu wote, na maelfu kwa maelfu wakajiandikisha. Hakuwafukuza, aliwakaribisha na kuwaomba wachangie. Tarehe 30 Aprili, 2020, msanii Stephen Fry alisoma maswali, na watazamaji zaidi ya 180,000 wakafuatilia kwa wakati mmoja. Michango ilikwenda kwenye mifuko ya kusaidia hospitali za umma. Naye Bwana Flynn hakuwa tajiri; aliwahi kulala kwenye benchi jijini London kwa kukosa makazi.

Sasa tujitazame sisi. Hapa Matema ipo hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Konde. Katika hospitali za mashirika ya dini nchini mwetu, baadhi ya watumishi hulipwa na Serikali, na wengine hulipwa kutokana na mapato ya hospitali yenyewe. Mapato hayo ni ada za wagonjwa. Na mgonjwa asiye na fedha kabla ya kuuza kakao au kuvuna mpunga ni nani, kama si mwanachama wetu? Deni letu la matibabu ndilo pengo katika mfuko wanamolipwa wauguzi. Kwa hiyo tusiseme tunakwenda kutoa sadaka. Kwa sehemu kubwa tunarudisha.

Napendekeza hivi. Jioni moja baada ya mauzo, kila chama kikusanyike ghalani kwake na simu moja yenye intaneti, ili asiye na simu ya namna hiyo asiachwe nje. Ndugu wa Ikombe hawatahitaji kuvuka ziwa usiku, na vijana wetu walioko Mbeya na Dar es Salaam watashiriki huko huko waliko. Kila kundi litoe kiingilio kwa simu, na maswali yawe yetu: Ni meli gani ya Wajerumani iliyoshambuliwa Liuli mwezi Agosti, 1914? Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka gani? Mzee aliyekuwapo mwaka 1976 atamshinda mwanafunzi wa sekondari, na mwanafunzi atamshinda mzee kwa hesabu. Wote wawili watajifunza.

Zawadi isiwe fedha. Mshindi apewe chungu kilichofinyangwa na akina mama wa Kikisi wa Ikombe. Chungu hicho kinunuliwe kwa bei yake halali.

Ndugu zangu, naomba sasa niseme lililo zito. Miaka iliyopita nilikuwa katibu wa chama kimoja ambacho sitakitaja. Tulichangisha fedha za zahanati. Fedha zilifika, lakini mimi sikusoma hesabu mbele ya wanachama. Niliona kwamba, maadamu sikuiba, inatosha. Haikutosha. Mwaka uliofuata nilipopita tena na daftari, mama mmoja aliniuliza, “Zile za kwanza zilinunua nini?” Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Hakutoa, na wenzake hawakutoa. Aliyepata hasara hakuwa mimi, ni mgonjwa.

Basi makatibu, shikeni mambo matatu. Kwanza, fedha hizi zisichanganywe kamwe na fedha za mazao. Ziwe na akaunti yake. Pili, watumishi wenyewe waulizwe wanahitaji nini, wakiwamo wafagiaji na walinzi wa usiku, wala si madaktari peke yao. Tatu, hesabu ibandikwe kwenye mlango wa ghala kabla wiki haijaisha, na isomwe kwa sauti katika mkutano mkuu.

Wala mchezo huu usiwe kisingizio cha mwajiri kuchelewesha mshahara, wala cha mwanachama kukwepa deni lake au kutojiunga na bima ya afya. Mshahara ni haki; mchango ni shukrani. Kimoja hakifuti kingine.

Kujali jamii ni mojawapo ya misingi saba ya ushirika iliyothibitishwa Manchester mwaka 1995. Lakini watu wa pwani hii walikwisha kuujua msingi huo kabla haujaandikwa: mtumbwi ukipigwa na mawimbi, hakuna anayeuliza ni wa nani. Wanaotupokea usiku pale hospitali nao wamo mtumbwini.