Ushanga, balabala na mukopo wa siku 30

Maneno ya fundi mumoja, mwanachama wetu, mbele ya mukutano mukuu. Katibu ameyaandika jinsi yalivyosemwa.



Komite iliniomba niseme juu ya kazi yangu ya kutengeneza ushanga wa chupa, na juu ya zile safari ninazofanya na familia wakati wa vakansi. Najua wengine wanacheka: "Yule papa anapandisha bibi na watoto watano juu ya kamiyo kama mutu anayekimbia tena." Leo nitaeleza kwa nini. Na mwisho niko na ombi moja juu ya kese yetu. Nawaomba mulisikilize lote, hata muhasibu wetu, ambaye najua halitamupendeza.

Nianze na ushanga wenyewe. Kuna watu wanaosema ni muchezo wa wasichana. Wazee wetu hawakuona hivyo. Mwaka 1858 Mwingereza mumoja, Burton, alivuka hii Tanganyika kwa mutumbwi kutoka Ujiji, akapita Ubwari, kule tunakoangalia tukisimama Baraka, akafika Uvira. Mpaka leo kwenye karta ghuba yetu inaandikwa kwa jina lake. Hakuwa na franga wala dola, alibeba nguo na ushanga. Pale Ujiji kulikuwa na aina moja ya ushanga iliyoitwa sofi. Ilihesabiwa sokoni kama leo tunavyohesabu franga. Ushanga mwingi wa wakati ule ulitoka Venice, kule Italia, ukashuka Zanzibar, ukapanda juu ya vichwa vya wapagazi mpaka ziwani. Na huku watu walitoa pembe za tembo, wakati mwingine walitoa hata watu, juu ya vipande vya chupa. Nikikumbuka hiyo, naona vizuri kabisa tutengeneze wetu wenyewe, kwa chupa zilizovunjika hapa kwetu.

Tulikimbia mwaka 1996, mimi kijana wa miaka 15. Katika kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, nilikaa miaka zaidi ya kumi. Kutoka nje ya kambi bila kibali haikuruhusiwa, kwa hiyo kijana alitafuta kazi ya mikono ndani yake. Mwalimu aliyenifundisha ushanga alikuwa amejifunza kwa namna ya Wakrobo wa Ghana, ambao ni mabingwa wa hii kazi. Ni hivi.

Unakusanya chupa zilizovunjika. Nasema zilizovunjika, juu chupa nzima ya bia iko na vidanje, mwenye baa hawezi kukuachia. Unaziosha, unatenga rangi: kijani peke yake, kahawia peke yake, nyeupe peke yake. Kioo cha dirisha hauchanganyi na chupa, maana vikiyeyuka pamoja havipoi sawasawa, na ushanga unapasuka. Halafu unatwanga katika kinu cha chuma. Unafunga kitambaa puani na mudomoni, vumbi ya chupa ni mbaya sana kwa kifua. Bibi yangu aliweka sheria siku ya kwanza: kinu cha chupa na kinu cha sombe visikutane hata siku moja.

Unga unachekechwa, unatiwa ndani ya mule ya udongo yenye vishimo. Mule inapakwa kwanza udongo mweupe, ule mama wenye mimba wanapenda kutafuna, ili chupa isigandame. Katikati ya kila kishimo unasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Moto unakula kijiti, inabaki tundu ya kupitisha uzi. Kwa hiyo nyumbani kwetu majani yanaenda sufuriani, vijiti vinaenda kazini.

Tanuru ni ya udongo wa kichuguu. Kipimo cha moto sina, naangalia rangi. Unga ukishaiva kama embe na kushikamana, imetosha. Hapo naziba mulango wa tanuru kwa udongo, naacha moto ufe wenyewe mpaka kesho yake. Watu wanafikiri kazi ni kuwasha moto. Hapana, kazi ni kungoja. Ushanga mukubwa ukitolewa upesi, nje unapoa, ndani bado uko na moto. Unaonekana muzima kabisa. Unaushika, unaufurahia. Baadaye kidogo unasikia te, na uko vipande viwili.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tulirudi mwaka 2007. Tulivuka kutoka Kigoma mpaka Baraka, mimi na bibi yangu na watoto wawili wa kwanza, wote waliozaliwa kambini. Ndani ya blanketi nilikuwa nimefunga mule sita. Wengine walibeba mabati na sufuria, mimi nilibeba udongo. Pale kwa baba hapakubaki nyumba, ni muti wa embe tu ulioniambia kwamba sijapotea.

Kese yetu ilinipa mukopo. Nashukuru mpaka leo, bila ule mukopo nisingekuwa fundi. Lakini ilikuwa ya kulipa baada ya siku 30. Nilijenga tanuru, nikakusanya chupa, nikatwanga. Mvua ikachelewesha mule kukauka. Siku ya 28 njo nilichoma mara ya kwanza, ushanga mukubwa wote, kwa sababu ndio wenye bei. Nilijua ni lazima kungoja mpaka asubuhi. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya soko, na kesho kutwa siku ya kese. Usiku ule ule nilivunja mulango wa tanuru.

Asubuhi nilipanga ushanga juu ya kitenge pale sokoni. Ulikuwa unang'aa kweli. Mama mumoja akachukua kete moja, akaiweka shingoni mwa mutoto wake. Ikapasuka mukononi mwake. Na nyingine, na nyingine. Te, te, te, juu ya kitenge, watu wanaangalia. Nilikusanya vyote ndani ya mufuko nikarudi nyumbani.

Ile franga ya kese nililipa siku ileile iliyoandikwa. Nilikopa kwa jirani, kwa faida kubwa kupita ya kese. Katika buku ya muhasibu imeandikwa kwamba nililipa vizuri, bila kuchelewa. Buku haisemi uongo. Lakini haiandiki jirani.

Ni lile deni lililotutia balabalani. Watu wa Baraka walikuwa wameona ushanga ukipasuka, nani angenunua tena? Nikachoma upya, mara hii nikangoja mpaka asubuhi, na bibi yangu akasema: "Twende mahali hawatujui." Watoto hatukuwa na mutu wa kuwaachia. Tukapanda wote.

Kutoka Baraka mpaka Uvira si mbali sana, chini ya kilometa 100, lakini balabala munaijua. Kamiyo ikikwama, tunashuka, tunatandika kitenge pale pale, tunauza. Mboko, Swima, kila soko tunasimama. Makobola tunashuka pia, lakini pale hatuuzi kwanza. Tunanyamaza kidogo juu ya wale waliouawa mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Mara ya kwanza mutoto wangu wa pili aliuliza kwa nini papa amevua kofia. Kambini nilikuwa sijamuambia. Nilimuambia pale, kando ya ziwa, na ziwa liko hapo hapo linamusikiliza naye.

Toka Uvira tunaingia bonde la Ruzizi: Sange, Luvungi, Kamanyola. Halafu milima ya Ngomo, zile kona za kuzunguka juu ya shimo. Binti yangu mukubwa anatapika kila mwaka mahali pale pale, na kila mwaka anasema hatarudi tena, na kila mwaka ni wa kwanza kufunga mizigo. Bukavu tunauza vizuri, na tunarudi na mifuko ya vipande vya chupa, juu ya baa ni nyingi kule. Kwenda tunabeba ushanga, kurudi tunabeba takataka. Wanajeshi wa bariera wameshafungua ile mifuko mara nyingi, hawaamini.

Kuna vakansi ambazo hatukusafiri, balabala haikuwa salama. Lakini tulizosafiri zilinionyesha kitu ambacho sikukitafuta.

Yule mutoto wa pili, masomoni hapa walimuita Mutanzania. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, na hakujua jina la muto hata mumoja. Akikasirika alisema, "Nataka kurudi kwetu," na kwetu yake ilikuwa Nyarugusu. Niliumia, lakini ningemuambia nini? Yuko na haki, pale njo alizaliwa. Ndani ya kamiyo dada yake alikuwa anaandika vijiji kwenye kaye, nao wadogo wanavirudilia kama wimbo. Vakansi ya kwanza yule kijana alinyamaza. Ya pili pia. Ya tatu alianza kusahihisha wenzake. Ya nne tulikuwa tunatoka Bukavu, tumechoka, chofere akamuuliza: "Kijana, munashukia wapi?" Akajibu: "Kwetu, Baraka." Mimi na mama yake tulitazamana tu, hatukusema kitu.

Vakansi ine. Hakuna mutu aliyeweza kumuharakisha.

Ombi langu sasa. Familia zinazorudi mwaka huu zinapewa ule ule mukopo wa siku 30. Kwa muchuuzi wa ndagala aliyezoea soko, siku 30 ni nyingi. Kwa mutu anayeanza, hesabu ni nyingine. Kwangu mimi, kukusanya na kutwanga ni juma mbili au tatu, kukausha mule ni juma moja, kuchoma, kupoza, kusugua kwa muchanga na maji, kutunga kwenye uzi ni juma moja tena, halafu kuuza. Hata nikienda mbio, ni miezi miwili. Wanaoshona, wanaolima mpunga, muwaulize nao. Naomba mwenye kurudi asianze kulipa kabla ya miezi mitatu. Faida ya kese ibaki ile ile.

Muhasibu atasema: kese itakauka, na watu watakula franga na kupotea. Hiyo hofu ni ya haki, ni franga zetu sote. Njo maana siji mikono mitupu. Nitakuwa mudhamini wa familia mbili za kwanza, na tanuru yangu na mule zangu ziandikwe kama rehani. Nikiwa peke yangu, ni familia mbili tu. Wanachama wa zamani kumi wakisimama, ni ishirini.

Na kwa wageni wetu wafadhili, kwa heshima. Munatutaka ripoti kila baada ya miezi mitatu, na ni sawa. Lakini mukikuta kwa mutu mufuko wa chupa zilizosagwa tu, muulize atachoma lini, kabla ya kuandika kwamba hakufanya kitu.

Kete zilizo juu ya meza ni za kuchoma kwa juma lililopita. Zilipoa usiku muzima. Muzishike bila woga.