MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: GOTI LA ASKARI MSTAAFU

Vilima vya Gisozi, mjini Kigali, humpima mzee magoti: kupanda ni kazi, kuteremka ni maumivu. Askari mstaafu huyavumilia kikakamavu, kisha huamua kukaa kitako. Hapo ndipo anapokosea. Goti ambalo gegedu lake limelika halitunzwi kwa kukalishwa, bali kwa misuli imara ya paja. Basi na atembee kila siku penye tambarare. Akiwa kitini, anyooshe mguu, aushikilie juu kidogo, aushushe. Na apunguze uzito: kila kilo 1 ipunguayo mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande wa goti lisilouma. Goti likivimba na kuwaka moto, aende hospitali. Kushika mkongojo si kusalimu amri.