Maumivu ya Mgonjwa ni Jambo la Chama Pia

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mkutanoni, Nyeri)



Najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za mishahara. Tutafika huko. Kwanza nataka kusema juu ya mwenzetu aliyelala nyumbani, ambaye daktari amesema ugonjwa wake hauponi tena. Je, chama kina neno kwake? Mimi nasema kinalo.

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli, uji hupewa tu. Lakini maumivu yake lazima aulizwe, maana hakuna mwingine ayajuaye.

Kuna watu waliouliza. Mwaka 2003 gazeti la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilitoa uchunguzi wa Scott Murray na wenzake. Walizungumza na wagonjwa 20 wa kansa ya mapafu kule Uskoti, na wagonjwa 24 wa kansa katika Wilaya ya Meru ya wakati ule, upande wa pili wa mlima wetu. Waliwauliza pia wale wanaowatunza.

Kule Uskoti matibabu yalikuwa bure, lakini hofu ya kufa iliwatesa wagonjwa kuliko kitu kingine, na wengi waliona hawana wa kuwatuliza moyo. Wagonjwa wa Meru walisema jamaa, majirani na watu wa dini walikuwa pamoja nao. Kilichowatesa ni maumivu ya mwili, na pesa. Dawa ya kutuliza maumivu mara nyingi haikupatikana, au bei yake iliwashinda. Chakula kinachowafaa vilevile.

Ndugu zangu, yatazameni majibu hayo vizuri. Kile kisichonunuliwa dukani tulikuwa nacho. Tulichokosa ni dawa, na dawa yenyewe si ya bei kubwa. Wenzetu wa Uganda wameonyesha hivyo. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilitumia mofini ya maji, yaani unga uliochanganywa na maji, mgonjwa akanywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria ya huko iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika mofini wenyewe, kwa sababu vijijini madaktari ni wachache.

Wengine huiogopa mofini, wakidhani humharakisha mtu kufa. Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo na mtu aliyefundishwa, mgonjwa hupata usingizi na nafasi ya kuzungumza na watoto wake. Hufunga choo, basi hupewa pamoja na dawa ya kulainisha.

Sasa sisi tufanye nini?

Kwanza, kila tawi lijue kwamba Nyeri Hospice ipo, na Meru Hospice ipo. Mtu asingoje siku ya mwisho ndipo aende. Kazi yao ni kupunguza mateso tangu mapema.

Pili, wajumbe wetu waende katika hospitali ya serikali iliyo karibu wakaulize: mofini ipo leo? Kama haipo, itakuja lini?

Tatu, kila mwezi tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya. Tuulize mgonjwa asiyepona anapata nini katika fedha hiyo, tujibiwe kwa maandishi.

Nne, tukikaa na mwajiri kuandika mapatano, tudai siku za ruhusa kwa mfanyakazi anayemtunza mgonjwa wa namna hii. Leo anayekaa nyumbani kumgeuza mama yake kitandani anaweza kupoteza kibarua.

Nilisema tutafika kwenye mishahara. Ndugu, tumekwisha kufika. Shilingi tuliyoipigania mwaka mzima humalizika kwa juma moja mgonjwa akiwa nyumbani. Majirani wamekwisha kufanya sehemu yao. Iliyobaki ni yetu, kuidai kwa sauti moja.