Tumbo Lililouma Siku za Shule Tu

Kazi yangu ni uuguzi, lakini leo sikuja na sindano. Nataka tuongee juu ya woga wa shule mpya. Wewe uliyehamia mwezi huu, ambaye mpaka sasa hujui ukae na nani saa ya mapumziko, sogea karibu.

Mimi nilihamia Tunduma mwaka 2009, nikiwa kidato cha pili. Mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa (ulianzishwa 2016), sote tukihesabiwa Mbeya. Tulitoka Ileje, baba alipopata kazi ya kupakua mizigo mpakani. Kwetu nilizoea milima na watu wanaomjua hadi bibi yako. Hapa nikakuta barabara kuu ya Zambia imejaa malori, foleni haina mwisho, wabadilisha fedha wanaita kwacha, kwacha! Na watu wanavuka kwenda Nakonde, nchi ya watu, kama wanaokwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Siku ya kwanza mwalimu aliniambia nijitambulishe kwa Kiingereza. Nikachanganya maneno, na lafudhi yangu ya Kindali ikatoka yote. Darasa likacheka. Pengine wenzangu walisahau hata kabla ya kengele. Mimi sikusahau.

Tangu hapo tumbo likawa linaniuma kila asubuhi. Mama akanipeleka zahanati, wakapima malaria, hamna. Tabibu, mzee mmoja mpole, akauliza, "Mjukuu wangu, na Jumamosi linauma?" Nikafikiri. Jumamosi halikuwa likiuma. Mama akanikazia macho, lakini mzee akamwambia, "Hadanganyi, mama. Maumivu ni ya kweli, ila chanzo chake hakipo tumboni."

Sasa nakueleza kama muuguzi. Mwili ukihisi hatari, unamwaga kemikali iitwayo adrenalini. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, damu inapungua tumboni na kwenda kwenye misuli ili uweze kukimbia. Ukikutana na nyoka shambani, itakufaa sana. Shida ni kwamba mwili hautofautishi nyoka na darasa linalocheka. Mzee yule alinifundisha kuvuta pumzi nikihesabu mpaka nne, kisha kuitoa taratibu nikihesabu mpaka sita, mara kadhaa. Moyo unatulia. Mpaka leo nawafundisha wagonjwa wangu.

Nisikudanganye kwamba nilipona siku ile. Mlangoni mwa choo cha shule walisimama wasichana wakubwa, nikawaogopa, basi nikaacha kunywa maji kutwa nzima ili nisibanwe. Matokeo yake nikaugua njia ya mkojo, kukojoa kukawa kama moto. Kunywa maji, na usibane mkojo kwa sababu ya aibu. Hapo unajitafutia ugonjwa wa pili juu ya ule wa woga.

Halafu nikawa mtoro. Siku tatu nilitoka nyumbani na sare, nikaenda kukaa kwenye banda la mama ntilie karibu na maegesho ya malori. Siku ya tatu dereva mmoja akaninunulia soda na chipsi. Akaniuliza ninakaa wapi, na kama nimewahi kupanda lori. Aliongea vizuri, tena kwa upole kuliko mtu yeyote tangu nihamie. Ndiyo maana nasema utoro ni hatari mpakani: mwenye upweke huonekana kwa mbali, na wapo wanaomtafuta. Mama ntilie akaita kwa ukali, "Wewe mwanafunzi! Njoo uoshe sahani!" Nikaosha rundo zima nikilia. Dereva alipoondoka akaniambia, "Mwanangu, kesho nikikuona hapa nakupeleka shuleni mwenyewe, na aproni yangu hii."

Nilimwamini. Kesho yake nikaenda shule, tumbo likiuma vilevile. Sikujaribu kuwa jasiri wa kila kitu. Nilichagua jambo moja dogo: kumwomba jirani yangu wa dawati tufuatane chooni. Akanijibu, "Twende, hata mimi huwa naogopa peke yangu." Kumbe alihamia mwaka uliotangulia kutoka Mlowo! Wiki iliyofuata nikanyoosha mkono darasani, nikakosea, wakacheka tena. Lakini baada ya kipindi mvulana mmoja akanifuata kuniuliza swali lilelile, kwa sauti ya chini.

Jambo moja nataka ulipime vizuri. Kuna woga wa kuchekwa, huo unaweza kuuzoea polepole. Lakini kama unaogopa kwa sababu mtu anakupiga, anakunyang'anya nauli, au mtu mzima, hata akiwa mwalimu, anakushika au kukutaka kimapenzi, huo si wa kuzoea. Mwambie mzazi, au mwalimu wa malezi unayemwamini. Ukikosa wa kumwambia, piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure. Asiyekusikiliza wa kwanza, mwache, mtafute wa pili.

Haya, tusimalizie kwa makofi. Waliohamia mwezi huu wanyooshe mikono. Naona sita, saba... na wewe binti pale nyuma, wa nane. Aliyekaa karibu naye, hebu muulize ametoka wapi.