Kijiko cha Trekta si Jembe

(Yafuatayo ni maneno ya fundi mmoja wa mitambo, aliyezungumza mjini Kigali na wasimamizi wa kazi, madereva na wajumbe wa kamati waliotoka kambini. Tumeyafupisha kidogo, lakini tumeyaacha kama alivyoyasema.)



Nimeombwa nizungumze juu ya trekta lenye kijiko cha mbele. Baadhi yenu mmeambiwa kwamba mtapata trekta la namna hiyo kwa kazi ya mitaro na mashimo ya vyoo kabla mvua hazijaanza. Mzee mmoja aliniuliza hapo nje: "Fundi, hilo trekta litachimba?" Nilimjibu: litachimba kidogo, litabeba sana. Naona afadhali niwaeleze ninyi nyote jibu hilo, kwa sababu nimeona matrekta mazuri yakiharibika ndani ya juma moja kwa kuwa watu hawakuelezwa.

Trekta la shamba limeundwa livute. Nguvu yake iko nyuma, kwenye yale magurudumu makubwa. Kile kijiko cha mbele kimeongezwa baadaye, kimeshikwa na mikono miwili mirefu, pini chache na mipira ya mafuta ya haidroliki. Kimetengenezwa kwa kuzoa kitu kilichokwisha kulegea: samadi, mchanga, kifusi, udongo uliochimbwa. Tingatinga ni mtambo mwingine kabisa. Lile ni zito, linatembea kwa minyororo, na mwili wake wote umejengwa kwa kusukuma ardhi ngumu. Ukiliendesha trekta kama tingatinga, ukakimbia na kukipiga kijiko kwenye ukingo wa udongo mgumu, kitu cha kwanza kuvunjika hakitakuwa udongo. Zitapinda pini, itapinda mikono, halafu ekseli ya mbele itaanza kulia.

Wengi wenu mmetoka Kivu, na ardhi ya Goma mnaijua. Katikati ya Julai 1994, wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 waliingia pale kwa siku chache, wakakaa juu ya mawe ya volkano. Kule Kibumba maji hayakuwapo, na jembe lilipogonga chini lilirudi juu. Vyoo havikuchimbika. Kipindupindu kilipoingia, watu walikufa kwa wingi hata makaburi hayakuchimbika, na maiti zikalazwa kando ya barabara, zimefungwa kwenye mikeka. Askari wa Ufaransa waliokuwa pale ilibidi walete mitambo mizito ili wafu wapate mahali pa kuzikwa. Katika mwezi ule wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Siwakumbushi hayo ili kuwahuzunisha. Wengine humu ndani mna ndugu zenu pale. Nasema tu kwamba ardhi ndiyo inayochagua chombo. Mahali ambapo sururu inatoa cheche, trekta la shamba msilipeleke. Ombeni mtambo mkubwa, au ombeni eneo jingine, na ombeni mapema.

Ardhi ya huku kwetu ni tofauti, lakini ina ukaidi wake. Huu udongo mwekundu wa vilima vya Kigali, wakati wa kiangazi unakauka kama tofali. Mvua za Machi hadi Mei zikija, unakuwa utelezi, na ukikosa mtaro mzuri unakatika na kuondoka. Kambi ya Gihembe, kule Gicumbi, ilifungwa mwaka 2021 na watu wake wakahamishiwa Mahama, kwa sababu makorongo yalikuwa yamekula mlima mpaka karibu na nyumba. Korongo huanza na kijimfereji ambacho mtoto anakiruka. Basi mtaro wa kambi ni kazi ya maana, na ndiyo sababu trekta hilo likivunjika mwezi Februari mtakuwa katika shida.

Tufanyeje, basi? Kwanza, legezeni udongo. Kama mna plau, dereva aifunge nyuma na kupitisha mara mbili. Kama hamna plau, vijana wapite na sururu na mitaimbo. Sentimita kumi au kumi na tano zinatosha kwa mara moja. Ndipo trekta lije na kijiko, kwa gia ndogo, polepole kama mtu anayetembea. Ncha ya kijiko iinamishwe kidogo tu, ikate tabaka jembamba; kikianza kujaa, dereva akirudishe nyuma taratibu na kukiinua. Tabaka moja likiisha, legezeni tena. Utaona kama kazi inachelewa. Lakini ukipima mwisho wa siku, dereva huyu mpole amehamisha udongo mwingi kuliko yule anayekimbia na kugonga. Tena asichimbe kwa pembe moja ya kijiko. Hilo ndilo linalopinda mikono, na mikono ikipinda, mfundi wa kuinyoosha hayupo kambini.

Sasa nije kwenye jambo linaloua watu, nalo ni uzito. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu uliolegea ina kilo kama 1,300. Kijiko kinachobeba nusu ya mita hiyo kina zaidi ya kilo 600 mbele, na udongo ukilowa zinafika 800 na zaidi. Uzito huo wote unaning'inia mbele ya magurudumu madogo. Nyuma panakuwa pepesi, na kwenye matrekta mengi ya shamba breki zinakamata magurudumu ya nyuma tu. Kwa hiyo dereva anakanyaga breki, na breki inashika gurudumu ambalo haligusi ardhi vizuri.

Dawa yake ni uzito wa nyuma. Chukueni pipa la lita 200, mlijaze mawe na zege, fundi wa kuchomelea aliwekee vyuma vya kushikwa na mikono ya nyuma ya trekta. Hilo ni karibu kilo 450. Bila uzito huo trekta lisiinue kijiko kilichojaa, hata kama bwana mkubwa amesimama pale anahimiza.

Kijiko kikijaa, kibebwe chini, kiasi cha goti. Mwenzangu mmoja, miaka mingi iliyopita, alikuwa akivuka mteremko akiwa amekiinua juu ya kichwa chake, eti aone njia vizuri. Gurudumu la chini liliingia kwenye shimo la panya. Shimo la panya, jamani! Trekta lililala ubavu, likamvunja mguu na nyonga. Alipona, lakini hakuendesha tena. Lilikuwa na fremu ya kinga juu ya kiti, na mkanda ulikuwapo, ila alikuwa ameukalia.

Kwenye mteremko, trekta liende kupanda au kushuka, lisikate mlima kwa ubavu. Likiwa na mzigo mbele, lipande kwa mbele na lishuke kwa kurudi nyuma, ili kijiko kielekee juu ya mlima wakati wote. Najua mtaniuliza: mbona mitaro ya kukinga maji inakata mlima kwa ubavu? Kweli. Ndiyo maana mitaro ya juu ya mlima ni ya watu. Vijana wachimbe kwa jembe na sururu, wateremshe udongo kwa toroli hadi barabarani, na trekta lisubiri palepale barabarani lizoe na kupeleka mbali.

Na vyoo je? Hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Kijiko cha mbele hakiwezi kuchimba shimo ambalo trekta lenyewe haliwezi kuingia. Ukitaka kwenda chini mita mbili, lazima utengeneze njia ya kushukia, na njia hiyo isipungue mita nane kwa urefu. Utakuwa umechimba shimo la kuogeshea ng'ombe, siyo choo. Shimo la choo linachimbwa na watu. Lakini shimo la mita moja kwa mita moja, kwenda chini mita tatu, linatoa udongo ambao ukilegea unakaribia mita nne za ujazo. Safari za toroli ni nyingi mno. Kwa trekta ni vijiko kama vinane. Hapo trekta linawaokoa migongo, na udongo haubaki kando ya shimo kusubiri mvua iurudishe ndani. Trekta lisisogee ukingoni: kama shimo lina mita tatu, libaki mita tatu mbali, au zaidi.

Kuna kijana aliyenyoosha mkono tangu mwanzo, na swali lake nimeliona machoni. Mnalipwa kwa kuchimba, na mnaogopa trekta litawanyima hiyo posho. Ni haki yenu kuuliza. Kwa maoni yangu, msimamizi anayesema trekta litachukua nafasi ya wachimbaji hajawahi kuchimba. Kwa hesabu niliyowapa, mtaro bado unataka sururu, shimo bado linataka mtu ndani yake. Kinachopungua ni kusomba, na kusomba ndiko kunakowachosha mama zetu kwa ndoo za kichwani. Waulizeni wanaopanga kazi, kabla trekta halijafika, ni watu wangapi watalegeza, wangapi watachimba, na nani atamwongoza dereva kwa mkono. Majibu yaandikwe.

Mambo machache ya haraka. Mtu asipande kwenye kijiko, hata kwa kuvuka tope, hata mgonjwa. Mtu asipite chini ya kijiko kilichoinuliwa. Dereva akishuka, kijiko kilale chini na injini izimwe. Mpira wa mafuta ukivuja, msipapase kwa kidole kutafuta tundu. Mafuta yale yana nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha dogo kama la sindano linaweza kukupotezea mkono. Tumieni kipande cha boksi. Na watoto wafukuzwe kabisa, maana mnawajua: trekta likinguruma wanakuja kama nzige.

Saa inakwenda. Trekta liko pale nyuma ya ukumbi, na pipa la zege halijafungwa. Madereva watano wa kwanza tutoke pamoja; nataka mlifunge wenyewe, mimi nikiwaangalia.