Kijana Mwenye Kisukari na Mazungumzo Yanayokwepwa



Mwezi Januari 1922, mjini Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa sindano ya insulini. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Leo mtoto wa Mufindi au Rungwe anayepata dawa hiyo hukua, hubalehe, na hupenda. Hapo ndipo familia nyingi hunyamaza. Mzazi anayekumbuka kipimo cha insulini cha asubuhi na cha jioni hushindwa kutamka neno mapenzi.

Kwa desturi, maneno hayo yaliachwa kwa bibi, shangazi au mjomba. Lakini bibi yuko kijijini, kijana yuko bwenini Iringa au Mbeya mjini, na habari za insulini bibi hakufundishwa.

Kimya hicho kina madhara. Mfano ni binti anayemficha mpenzi wake ugonjwa. Akialikwa chakula, huacha sindano ili asionekane, na sukari hupanda. Siku nyingine hujidunga, kisha huona haya kula mbele ya mwenzake, na sukari hushuka. Hutetemeka, hutokwa jasho na kusema ovyo, na wanaomtazama hudhani amelewa ulanzi. Humwacha alale, ilhali angali anaweza kumeza, na soda yenye sukari ingemrejesha. Akizimia, asinyweshwe kitu; akimbizwe hospitali. Akiwa amekunywa pombe kweli, hatari huongezeka, kwa kuwa ini linaloshughulika na pombe hushindwa kutoa sukari, na sukari huweza kushuka saa nyingi baadaye, usingizini.

Basi kijana aelezwe wazi kwamba kisukari hakiambukizwi kwa busu wala kwa kujamiiana. Halazimiki kumtangazia kila mtu, lakini aliye karibu naye ajue dalili na msaada wake. Binti aelezwe kuwa sukari ikiwa juu huchochea fangasi ukeni. Muwasho huo si ushahidi wa uasherati; dawa yake iko kliniki, haiko kwenye fimbo. Aelezwe pia kuwa sukari ya juu katika wiki za mwanzo za mimba huweza kudhuru viungo vya mtoto kabla mama hajajitambua, hivyo mimba yake, wakati wake ukifika, ipangwe pamoja na daktari. Mvulana naye ajue kuwa sukari isiyodhibitiwa kwa miaka mingi hudhoofisha nguvu za kiume.

Wasisahauliwe virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliiweka mikoa ya Iringa na Mbeya miongoni mwa yenye maambukizi ya juu nchini. Kondomu huzuia virusi na mimba. Sindano ya insulini haiazimwi.

Kusubiri nako ni haki ya kijana. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 humlinda binti aliye chini ya miaka 18 hata pale inapodaiwa kuwa aliridhia. Mtu akimwambia, "Nani mwingine atakupenda na ugonjwa huo?", kijana awe amekwisha kusikia nyumbani kwamba ugonjwa si deni la kulipwa kwa mwili.

Mazungumzo haya hayafai kufanyiwa sebuleni mbele ya wadogo zake. Njia ya kurudi kutoka kliniki yatosha, mzazi akitangulia kuuliza na kusikiliza kabla ya kuonya. Na siku ya kliniki, mzazi atoke nje kwa muda, amwachie kijana nafasi ya kuzungumza na mhudumu peke yake. Yapo maswali ambayo mtoto humwuliza muuguzi kwa sababu tu mama hayupo chumbani.